UZI: Ofa ya kazi kwa mwanasheria kijana – usiangalie namba ya juu, angalia kinachobaki mkononi

#1 Sura341

Wakuu, kila baada ya mahafali swali ni lile lile: "Ofisi za mawakili Dar zinalipa ngapi?" Hakuna jibu moja. Ofisi ya wakili mmoja mwenye karani Kariakoo na ofisi yenye mawakili ishirini Masaki ni biashara mbili tofauti zenye jina moja. Cha maana zaidi ni kujua ofa uliyopewa itakuachia kiasi gani, na mkataba unakufunga wapi. Hapo ndipo vijana wengi wanaliwa.

Kwanza tuwekane sawa kwa maneno. Mwanasheria ni mwenye shahada ya sheria. Wakili ni yule aliyemaliza mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo pale LST (Law School of Tanzania), akaomba kwa Jaji Mkuu, akapokelewa na jina likaingia kwenye orodha ya mawakili, na ana leseni hai ya mwaka huo. Ukikosa kimoja katika hivyo huwezi kusimama mahakamani kama wakili wa mtu, wala kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo. Kwa hiyo usipeleke barua ya maombi yenye neno "Advocate" wakati bado unasubiri kupokelewa. Jina lako linatafutwa kwenye mfumo wa e-Wakili ndani ya dakika mbili.

Sasa hesabu. Chukua ofa ya 800,000 kwa mwezi, ofisi binafsi, na wewe ni mnufaika wa mkopo wa elimu ya juu:

NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 = 80,000
Kiasi kinachotozwa kodi = 720,000
PAYE (kodi ya mshahara): 20,000 + asilimia 20 ya kinachozidi 520,000 (yaani 40,000) = 60,000
HESLB (bodi ya mikopo) asilimia 15 ya mshahara wa msingi = 120,000
Kinachobaki = 540,000

Ofa ya 1,500,000 kwa mtindo huo huo: NSSF 150,000; kodi 128,000 + asilimia 30 ya 350,000 = 233,000; HESLB 225,000. Inabaki 892,000. Ukisikia mtu anasema "nalipwa milioni na nusu", jua kodi ya nyumba anailipa kutoka kwenye hiyo 892,000.

Ndiyo maana ukiulizwa kwenye usaili "unatarajia kulipwa kiasi gani", usitaje namba tupu. Sema kama ni kabla au baada ya makato.

#2 Makato

Mkuu umeanza vizuri, ila kuna mtego mkubwa zaidi hujaugusa. Ofisi nyingi ndogo hazikupi ajira. Zinakupa karatasi imeandikwa "mkataba wa huduma za ushauri" na kukukata kodi ya zuio (anayokata mlipaji kabla hajakulipa) asilimia 5 tu. Kwa 800,000 hiyo hiyo unaona 760,000 inaingia benki, unashangilia kuliko mwenzako wa 540,000.

Tuone kilichofichwa. Hakuna NSSF, kwa hiyo ile 80,000 yako pamoja na 80,000 ambayo mwajiri angeongeza zote hazipo. Kodi ya zuio kwa mtu anayefanya biashara si mwisho wa habari: unatakiwa uwe na TIN, uwasilishe ritani, na TRA wakukadirie kwa faida ya mwaka mzima. HESLB nako unapaswa kurejesha mwenyewe, na deni halilali. Zaidi ya yote, siku wakikuambia usirudi kesho, kitu cha kwanza watakachosema kule CMA (tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi) ni kwamba hukuwa mfanyakazi. Utaanza kuthibitisha kwa saa za kazi, zana za ofisi na nani alikupa maelekezo. Dhana ya ajira (sheria kukuchukulia kuwa mfanyakazi) ipo kwenye sheria na inasaidia, lakini ni shughuli.

Swali la kuuliza siku ya ofa ni fupi tu: "Nitaandikishwa NSSF mwezi wa kwanza?" Wakibabaika, umeshapata jibu.

#3 Mlalo wa Kisutu

Na mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kanuni za Kazi za 2017 zinasema mkataba wa muda maalum kwa wataalamu usipungue miezi 12. Inachekesha kwamba wanaovunja hii ni watu wanaokula kwa kuisimamia sheria hiyo hiyo. Kumbuka pia: aliye chini ya miezi sita kazini hana ulinzi wa kuachishwa isivyo halali, kwa hiyo mkataba wa miezi mitatu unaohuishwa mara kwa mara haukutungwa kwa bahati mbaya. Ukiachishwa baada ya kuvuka hapo una siku 30 za kupeleka fomu CMA F1. Madai mengine, kama mishahara isiyolipwa, siku 60.

#4 BintiMzumbe

Naomba kuuliza wakubwa. LST kwanza au kazi kwanza? Mitandaoni tunaogopeshwa sana na matokeo.

#5 Sura341

Dada, LST kwanza kama ada ipo. Serikalini matangazo mengi ya Afisa Sheria, Wakili wa Serikali na Hakimu Mkazi yanataka uwe umeshapita huko. Ukianza kazi kwanza utapata vya pembeni: ofisa mikopo, ofisa uzingatiaji (compliance), mwandishi wa mikataba kwenye kampuni ya ujenzi. Si vibaya, lakini miaka inapita.

Kuhusu kuogopeshwa: yale matokeo ya Oktoba 2022 yaliyoleta kelele yalikuwa ya wanafunzi 633. Waliofaulu moja kwa moja 26, waliopata sapu (kurudia baadhi ya mitihani) 342, waliodisko (walioondolewa) 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Watu wanabishana hadi leo kosa ni la vyuo au la LST. Kwako wewe cha kujua ni kwamba mtihani wa kule haukuulizi "eleza maana ya". Unapewa ukweli wa kesi kurasa mbili, unaambiwa andaa nyaraka itakayofunguliwa kesho.

#6 KaraniMstaafu

Na hapo ndipo wanapoangukia. Hati ya madai isiyoonyesha kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka, na isiyotaja thamani ya kinachogombaniwa. Uthibitisho mwishoni unaosema "yote ni kweli kwa ufahamu wangu" wakati aya ya tano ni habari aliyoambiwa na mtu mwingine. Maombi ya chemba yaliyotaja kifungu cha Sura ya 33 (Sheria ya Mwenendo wa Madai) wakati maombi yenyewe yanatakiwa yaletwe chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Kiapo kilichojaa hoja za kisheria badala ya ukweli.

Dawa yake ni ya kizamani. Ingia TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, ni bure. Chukua maamuzi madogo ya Mahakama Kuu yaliyotupa mashauri kwa pingamizi la awali, soma kumi kila wiki. Kila uamuzi unakuonyesha waraka gani uliandikwa vibaya na wapi. Kisha uandike ule waraka upya kwa mkono wako. Miezi mitatu ya hivyo kabla ya kuripoti LST inazidi madokezo yote ya kununua nje ya geti.

#7 BintiMzumbe

Asante sana mzee wangu. Nimelipokea.

#8 UtumishiKwanza

Sura341 umeongelea ofisi binafsi tu. Wacha niweke upande wa serikali, watu wafananishe.

Chukua mshahara wa msingi ule ule wa 1,500,000 (ni mfano wa hesabu, si ngazi ya mtu yeyote). PSSSF (mfuko wa hifadhi wa watumishi wa umma) mtumishi anakatwa asilimia 5 tu = 75,000, mwajiri anaweka 15. Bima ya afya NHIF asilimia 3 = 45,000. PAYE kwenye 1,425,000 = 255,500. HESLB 225,000. Inabaki 899,500 na bima unayo. Ukiwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi toa na ada yake. Kwenye ofisi binafsi ulibaki na 892,000 na ukiugua malaria unatoa mfukoni, isipokuwa mkataba umesema vingine.

Kwa hiyo tofauti ya kweli haiko kwenye makato, iko kwenye kupanda. Serikalini unapanda kwa daraja na muda: II, I, Mwandamizi na kuendelea. Unajua miaka minne ijayo utakuwa wapi, na hiyo ni faida na ni kifungo.

Milango mikuu tangu mageuzi ya 2018: Ofisi ya Mwanasheria Mkuu (ushauri na uandishi wa sheria), Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali (kesi za madai na usuluhishi), Ofisi ya Taifa ya Mashtaka (jinai). Halafu halmashauri, taasisi na mashirika ya umma, na Mahakama yenyewe ambayo huajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama.

Kwa ajira za kawaida ni Ajira Portal. Makosa yanayowatoa watu kabla hata ya usaili wa mchujo: barua haijasainiwa; barua imeelekezwa kwa mwajiri badala ya Katibu wa Sekretarieti ya Ajira; mtu kapandisha matokeo ya muda au karatasi ya matokeo ya kidato cha nne badala ya cheti; majina ya NIDA na ya cheti hayafanani na hana hati ya kiapo ya jina. Hili la mwisho kwa mwanasheria ni aibu. Ukifaulu usaili ukakosa nafasi, jina linaweza kubaki kwenye kanzidata, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu kiholela.

Na lijulikane: ukishakuwa Wakili wa Serikali huna ruhusa ya kuchukua kesi za mtaani jioni. Wanaofanya wanajua wanachokicheza.

#9 Bi Hati

Nimesoma yote. Mnazungumza mahakama tu kana kwamba sheria ni joho. Nafasi ya mwanasheria wa ndani wa benki haina sherehe, lakini inakufundisha kazi ambayo kila ofisi kubwa itaitafuta baadaye: kukamilisha dhamana.

Mteja anakopa. Kazi yako ni kuhakikisha siku akishindwa kulipa, benki ina kitu cha kushika. Upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati. Ridhaa ya mwenza: Sheria ya Ardhi, kifungu cha 114, rehani ya nyumba ya familia bila saini ya mwenza inakwama. Wakopaji wana tabia ya kuandika "sijaoa", kwa hiyo kiapo cha hali ya ndoa peke yake hakitoshi, ulizia serikali ya mtaa na uweke kumbukumbu kwamba uliulizia. Ushuru wa stempu. Usajili wa rehani. Kama mkopaji ni kampuni, azimio la bodi, kisha dhamana ipelekwe BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) ndani ya siku 42. Ikipita, dhamana inakuwa batili mbele ya mfilisi na wadai wengine. Mkopo wa mabilioni unageuka deni la kawaida kwa sababu ya bahasha iliyolala mezani. Weka tarehe ya siku ya 30 kwenye kalenda, usiweke ya 42.

Anayeweza kuendesha haya bila kusimamiwa, akienda kuomba kazi ofisi ya mawakili wa mikopo na uwekezaji ana hoja ya bei.

Mlango mwingine mpya: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hospitali, shule, kampuni za mikopo ya simu, zote zinatakiwa kujisajili kwa Tume na kuwa na mtu anayeelewa. Wengi wanajaza fomu bila kujua taarifa zao zinahifadhiwa wapi. Kijana anayeweza kukaa na fundi wa kompyuta akachora taarifa inaingilia wapi na kutokea wapi, hapo kuna kazi.

#10 Mlalo wa Kisutu

Bi Hati heshima yako, lakini mwenye joho ndiye anayekula kwa mteja wake. Mwanasheria wa benki akistaafishwa anaondoka na barua tu.

#11 Bi Hati

Mwenye joho kijana hana mteja, mwanangu. Wateja ni wa mwenye ofisi. Na hilo linatuleta kwenye kifungu cha asilimia ambacho kila ofisi inakitaja kwa mdomo na hakiandikwi: "ukileta mteja tunakupa asilimia 10." Asilimia 10 ya nini?

Ada 5,000,000. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) asilimia 18 ni 900,000, ankara inasoma 5,900,000. Mteja ni kampuni, anazuia asilimia 5 ya ada, yaani 250,000. Benki inaingia 5,650,000. Ukitoa VAT ambayo si yenu inabaki 4,750,000. Gharama za kufungua shauri na nauli zilizotoka ofisini, tuseme 350,000. Inabaki 4,400,000.

Sasa asilimia 10 yako ni 500,000, 475,000 au 440,000? Zote zinatetewa. Na ikiwa mteja amelipa nusu na nusu haijalipwa? Na ukihama ofisi kesi ikiwa katikati? Mkataba uandike mambo manne: inahesabiwa kwenye ada kabla ya VAT, kabla au baada ya gharama, inalipwa ndani ya siku ngapi tangu fedha iingie, na kesi inayoendelea baada ya wewe kuondoka inahesabiwaje. Zile 250,000 za zuio ofisi inazidai kwenye kodi yake, kwa hiyo usikubali zitolewe kwenye fungu lako.

#12 Jirani254

Salamu kutoka Nairobi. Huku kwetu ni Kenya School of Law kwa ile programu ya mawakili, mitihani tisa, na miezi sita ya pupillage (kujifunza kazi ofisini) chini ya wakili mwenye leseni na uzoefu wa angalau miaka mitano. Changamoto ni ile ile: pupil anapewa nauli na chakula cha mchana, kazi anafanya ya mtu mzima. Ninachotaka kujua, mtu wa huku anaweza kuvuka akafanya kazi Dar au Arusha?

#13 Sura341

Jirani karibu. Kwa mahakama za ndani, leseni ya Kenya haikupi moja kwa moja haki ya kusimama hapa. Wahandisi, wahasibu na wasanifu majengo walisaini makubaliano ya kutambuana Afrika Mashariki, mawakili bado wanavutana. Kinachowezekana ni kazi ya ndani ya kampuni kwa kibali cha kazi. Tena pale Arusha, Mahakama ya Afrika Mashariki inamkubali wakili mwenye haki ya kusimama mahakama za juu za nchi mwanachama yoyote, kwa hiyo wewe na mimi tuko sawa pale.

Watu wasisahau Zanzibar. TLS ni Chama cha Wanasheria *Tanganyika*, na Zanzibar wana chama chao na taratibu zao. Kupokelewa bara si tiketi ya kusimama Mahakama Kuu ya Zanzibar.

#14 KijanaWaTemeke

Na anayetaka kufungua ofisi yake mara tu akipokelewa? Hizo asilimia 10 za watu sizitaki.

#15 KaraniMstaafu

Inawezekana, ila panga fedha ya miezi sita bila kutegemea mteja hata mmoja. Kodi ya chumba, mara nyingi wenye nyumba mjini wanataka miezi sita kwa mkupuo. Ada ya TLS na leseni: leseni inakufa Desemba 31, ihuishe mwezi wa kwanza usiisubiri Februari. Mashine ya EFD (ya risiti za kodi). VAT: anayetoa huduma za kitaalamu hasubiri kufikia kiwango cha mauzo, anatakiwa ajisajili. Akaunti ya wateja iwe mbali na ya ofisi, maana fedha ya mauzo ya kiwanja ikichanganyika na kodi ya chumba ndiyo safari ya Kamati ya Mawakili, ile ya nidhamu. Mawakili pia wamo kwenye orodha ya watoa taarifa wa sheria ya utakatishaji fedha, kwa hiyo nakala ya kitambulisho cha mteja na chanzo cha fedha viwe kwenye faili.

Kinachokulisha mwanzo ni mirathi, mikataba ya viwanja, kusajili kampuni, na muhuri wa viapo. Muhuri unaonekana mwepesi na ndio unaoharibu majina. Makosa matatu:

Moja, sehemu ya kula kiapo haina mahali na tarehe. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12 (sheria ya wanaoshuhudia viapo) kinataka vyote. Pili, hukuonyesha kama muapaji unamfahamu au ametambulishwa kwako na nani. Tatu, unagonga muhuri kwenye kiapo cha shauri ambalo wewe ndiye wakili. Kifungu cha 7 kinakataza. Wakili mwingine kwenye ghorofa hiyo hiyo yupo, mtumie huyo. Na muapaji awe mbele yako. Kugonga karatasi kumi za kijana wa kituo cha kuchapisha kwa buku mbili mbili kutakurudia.

Ukishinda kesi na mahakama ikaamuru ulipwe gharama, peleka ankara ya gharama ndani ya siku 60 kwa Amri ya Malipo ya Mawakili ya 2015. Usiipandishe hovyo: ikikatwa zaidi ya moja ya sita, gharama za ukadiriaji wenyewe unazikosa. Kesi za kazi usizihesabie kabisa, kule gharama kwa kawaida hazitolewi. Ada yako itoke kwa mteja, iandikwe kabla ya kwenda CMA.

#16 KijanaWaTemeke

Mzee umenitoa kiburi kidogo. Kwa hiyo miaka miwili ofisi ya mtu kwanza?

#17 KaraniMstaafu

Sikusema hivyo. Njia ya kati ipo: kuchangia ofisi. Mawakili watatu, chumba kimoja cha kupokelea wageni, karani mmoja, kila mtu na jina lake, mteja wake, akaunti yake. Andikeni nani analipa nini na nini kinatokea mmoja akichelewa kodi. Kibao cha nje kisidanganye watu kwamba ni ubia, maana mteja wa mwenzako akiibiwa atawashtaki wote.

#18 BintiMzumbe

Swali la mwisho wakubwa. Kuna ofisi imeniita nianze kabla sijapokelewa, wanasema mshahara "tutauangalia ukishakuwa wakili". Nifanyeje?

#19 Bi Hati

"Tutauangalia" si kifungu, binti yangu. Kati ya kumaliza LST na siku ya kupokelewa kuna miezi kadhaa, na wengine husahauliwa humo. Mwombe mwajiri aongeze aya moja tu kwenye barua ya ajira. Iandike hivi, badilisha namba:

"Mwajiriwa ataanza kazi kama Ofisa Sheria kwa mshahara wa msingi wa Sh. ........ kwa mwezi. Kuanzia tarehe ya kwanza ya mwezi unaofuata siku atakapopokelewa kuwa wakili, mshahara wa msingi utakuwa Sh. ........ bila kuhitaji barua nyingine. Mwajiri atalipia ada ya leseni ya uwakili na ya chama kwa kila mwaka wa ajira. Muda wa kazi kabla ya kupokelewa utahesabiwa kuwa sehemu ya ajira hii."

Sentensi ya mwisho usikubali waifute. Ndiyo inayozuia miezi yako sita, ile ya ulinzi wa kuachishwa, kuanza kuhesabiwa upya.

#20 BintiMzumbe

Nimenakili. Wakigoma hiyo ya leseni?

#21 Bi Hati

Hiyo waachie. Ya tarehe na ya muda wa kazi, hapana.